Jinsi ya Kutengeneza Suruali ya Bugaluu Inayokaa Vizuri: Mwongozo Kamili wa Vazi la Miaka ya 1970

Mialiko ya kuvaa vya zamani imejaa Nairobi. Kuna harusi, kuna siku za kuzaliwa za waliotimiza hamsini, kuna usiku wa zilizopendwa, hata karamu za ofisi za mwisho wa mwaka. Na baada ya kila sherehe malalamiko ni yale yale. Suruali imetandaa chini kama sketi mbili zilizounganishwa. Mguu unapinda kwenda nje. Pindo limekuwa fupi na soksi zinaonekana. Au fundi ametia kipande cha kitenge chini ya goti, na mwenye suruali ameonekana ametoka jukwaani kwenye igizo la shule.

Tatizo karibu kila mara ni moja: watu hukazana kupanua chini, wakasahau juu. Bugaluu, au belbotom kama wengi wanavyoiita hapa, hutengenezwa kwa kubana paja na goti. Pindo la inchi 25 huonekana pana sana goti likiwa inchi 19. Pindo hilo hilo, goti likiwa inchi 24, ni suruali iliyokuzidi tu.

Mwongozo huu unamfaa mwanamume na mwanamke, anayeshona mwenyewe na anayempelekea fundi. Anza wiki tatu kabla ya sherehe. Kazi yenyewe si ya wiki tatu, ila kupata suruali inayofaa kunaweza kukuzungusha.

## Andaa hivi kwanza

- Suruali ya mtumba yenye miguu mipana iliyonyooka, au mita 2 za kitambaa kipya chenye upana wa inchi 58 hadi 60
- Viatu utakavyovaa siku yenyewe. Vinavyofanana navyo havitoshi
- Tepu ya fundi, chaki, pini, mkasi mkali na wembe wa kufumulia
- Uzi wa poliesta wa rangi ya suruali, na mwingine wa rangi tofauti kabisa wa kupigia bandi, yaani mishono mirefu ya muda ya kujaribia
- Sindano ya cherehani namba 14, au namba 16 kwa denimu na korduroi nene
- Pasi, na kitambaa cheupe cha pamba cha kutandika juu ya nguo unapopiga pasi
- Shati la mikono mirefu ambalo pindo lake ni refu
- Kioo kinachokuonyesha hadi miguuni
- Mtu wa kukupima na kukutilia pini

Hicho cha mwisho usikiruke. Ukijipima mwenyewe utainama, na ukiinama kila kipimo kimeharibika.

Kuhusu kitambaa: tafuta kizito kidogo. Gabadini, poliesta nene, korduroi na denimu huning'inia zikashuka wima. Pamba nyepesi na kitenge hupepea, na upana wa chini unapopepea umbo lote hupotea. Hii ndiyo sababu suruali nyingi za kitenge zilizoshonwa kwa ajili ya sherehe hizi hazifanani na za kwenye picha, hata fundi akiwa hodari.

## Hatua ya 1: Chagua mwaka mmoja

"Miaka ya sabini" ni mipana mno. Suruali za mwanzoni mwa muongo ule nyingi zilikaa chini, kwenye nyonga. Kufikia katikati yake mkanda ulipanda hadi karibu na kitovu na kola za shati zikarefuka. Ukichanganya vyote utapata vazi ambalo halikuvaliwa na mtu yeyote. Andika mwaka mmoja kwenye karatasi, mathalani 1976, kisha kila unachonunua kipime kwa mwaka huo.

Mahali pazuri pa kuanzia ni albamu ya familia. Picha za studio za wakati ule zilipigwa kwa utulivu, mtu amesimama wima, miguu yote inaonekana. Zile zilizopigwa mjini zina faida nyingine: majengo husaidia kukisia tarehe. Hoteli ya Hilton yenye mnara wa mviringo ilifunguliwa 1969, na jumba la mikutano la KICC lilifunguliwa 1973. Babu akiwa amesimama mbele ya KICC lililokamilika, picha hiyo haiwezi kuwa ya 1968, hata nyuma yake pameandikwa nini.

Ukiwa na shosho, mjomba au shangazi aliyekuwa kijana wakati huo, mketishe na albamu. Nusu ya raha ya mambo haya iko hapo. Atakwambia suruali ilishonwa na nani, ilivaliwa na mkanda wa aina gani, na nani alifukuzwa nyumbani kwa sababu ya nywele. Maelezo hayo hayapatikani kwenye picha za intaneti, ambazo nyingi ni za Marekani na zimejaa mavazi ya kukodi.

Kwenye picha uliyoichagua angalia mambo manne: mkanda umekaa wapi, mguu ni mwembamba zaidi wapi, upana unaanza wapi, na pindo linafika wapi juu ya kiatu. Piga picha hiyo kwa simu na uiache ya asili nyumbani. Picha za karatasi hupotea kwa mafundi.

Onyo: Ukikuta suruali yenyewe ya babu sandukuni, usiikate. Ivae ikikutosha, au ichukue vipimo na uirudishe. Cha kukatwa ni mtumba.

## Hatua ya 2: Pata viatu kabla ya suruali

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, na ndiyo inayozaa suruali fupi. Bugaluu hupimwa urefu juu ya kiatu. Kisigino cha inchi 2 na cha inchi 3 huhitaji suruali mbili tofauti.

Viatu vya soli nene, raizoni kama wazee wengi wanavyoviita, hupatikana kwenye mitumba ya Gikomba na Toi ukiwa na subira. Tafuta kisigino kipana na ncha ya mviringo au ya mraba butu. Usipopata, fundi wa viatu anaweza kuongeza soli kwenye kiatu cha kawaida cha ngozi.

Ukimwomba aongeze soli, mwambie aongeze kiasi kile kile mbele na nyuma. Akiinua kisigino peke yake, mguu utateremka mbele na vidole vitaumia kabla ya wimbo wa tatu. Usizidishe inchi 1 kwenye kiatu ambacho hakikutengenezwa kwa soli nene, kwa sababu soli ngumu haikunji unapopiga hatua na kifundo cha mguu hupinda kirahisi.

Vivae nyumbani. Panda ngazi, shuka ngazi, cheza. Ukiweza kushuka bila kushika ukuta, endelea na hatua inayofuata.

## Hatua ya 3: Chukua vipimo saba

Vaa viatu vyako na suruali nyepesi au taitsi. Simama wima, utazame mbele.

1. Kiuno, pale mkanda utakapokaa kulingana na mwaka wako
2. Nyonga, mahali panapojaza zaidi
3. Paja, juu kabisa
4. Goti, ukiwa umeketi na goti limekunjwa
5. Urefu wa nje, kutoka kiunoni hadi nusu inchi juu ya sakafu, upande wa kisigino
6. Urefu wa ndani, kutoka katikati ya miguu hadi pale pale
7. Kina cha kuketi: keti kwenye stuli ngumu, upimwe ubavuni kutoka kiunoni hadi kwenye stuli, uongeze inchi 1

Goti hupimwa likiwa limekunjwa kwa sababu huongezeka ukubwa unapoketi. Suruali iliyobanwa kwa kipimo cha goti lililonyooka itakuruhusu kusimama tu, na hakuna sherehe Nairobi isiyokuwa na hotuba ndefu.

Sasa hesabu kipimo cha suruali yenyewe. Goti la suruali ni goti lako lililokunjwa pamoja na inchi 2. Paja ni paja lako pamoja na inchi 2 hadi 3. Pindo ni goti la suruali pamoja na inchi 6. Kwa mfano, goti lako likiwa inchi 17, suruali itakuwa inchi 19 gotini na 25 chini. Anayetaka kuonekana kutoka mbali aongeze hadi inchi 8, lakini si zaidi ya hapo.

Ziandike namba hizi kwa kalamu, na karatasi hiyo uiweke mfukoni unapokwenda sokoni.

## Hatua ya 4: Nunua suruali sahihi

Nenda Gikomba mapema, wakati beli zinafunguliwa. Nguo bora, zile wanazoziita kamera, huondoka asubuhi. Jioni ni fagia: bei iko chini, ila chaguo limekwisha. Toi nako kuna suruali nzuri za kike za miguu mipana. Mwanamume asione haya kupekua upande huo, kwani baada ya kubanwa hakuna atakayejua ilitoka wapi.

Usiangalie saizi iliyo kwenye lebo. Angalia mambo haya, kwa mpangilio huu.

Kina cha kuketi. Pima mshono wa nje wa suruali kutoka juu ya mkanda, utoe urefu wa mshono wa ndani. Jibu likaribie kipimo chako cha saba. Hiki ndicho kitu ambacho hakuna fundi anayeweza kukuongezea baadaye. Suruali ya kisasa inayokaa chini ya tumbo haigeuki kuwa ya 1976 kwa kubanwa goti.

Pindo. Ilaze suruali, upime upana wa mguu mmoja chini kabisa, kisha uzidishe kwa mbili. Ukitaka pindo la inchi 25, upana ukiwa umelazwa uwe inchi 12 na nusu au zaidi.

Nyonga. Itoshe bila kuvuta. Ikipwaya kidogo hakuna neno.

Kiuno. Kikizidi kwa inchi 2 kinaweza kupunguzwa kwenye mshono wa katikati nyuma. Kikizidi zaidi ya hapo, mifuko ya nyuma itasogeleana hadi igusane, na kila atakayekuwa nyuma yako atajua.

Urefu. Uwe na ziada ya angalau inchi 1, au pindo la ndani unaloweza kulifumua.

Kisha inua suruali kwenye mwanga na utazame makalioni na katikati ya miguu. Ukiona mwanga unapenya, kitambaa kimechoka na kitapasuka ukicheza. Fungua na ufunge zipu mara kadhaa. Nusa kwapa za koti kama ni suti kamili, maana poliesta hushika harufu isiyotoka kwa sabuni.

Kwenye bei, usitaje sherehe. Muuzaji akishajua unaitafuta kwa ajili ya tarehe fulani, bei haitashuka. Ishike tu, uigeuzegeuze, useme, "Mama, hii imekaa sana, nani anavaa mguu mpana hivi siku hizi?" Mara nyingi atakubali, kwa kuwa ni kweli imekaa.

Ukikosa kabisa, nunua kitambaa kipya Biashara Street au Eastleigh na ushonewe suruali tangu mwanzo kwa namba zako. Hilo ni jibu zuri pia, hasa kwa watu warefu. Gharama hupanda, lakini unachagua rangi. Kahawia, rangi ya mchanga, kijani cha mzeituni na nyekundu ya matofali zinaingia vizuri kwenye mwaka wako. Nyeusi inayong'aa haiingii.

Suruali ya mtumba ifue na kuikausha kabla ya kuigusa. Kama kitambaa kina pamba, kitapungua sasa badala ya kupungua baada ya kushonwa.

## Hatua ya 5: Bana paja na goti

Hapa ndipo kazi ilipo. Usiharakishe, na usishike mkasi mpaka uambiwe.

Fumua pindo la chini na ulipige pasi likalala. Utahitaji urefu wote.

Geuza suruali nje ndani, uivae, uvae na viatu. Msaidizi wako aweke alama ya chaki kwenye mguu, inchi 1 na nusu juu ya katikati ya goti. Hapo ndipo mahali pembamba kuliko pote. Sababu ya kuweka juu kidogo ya goti ni kwamba jicho husoma mguu wa chini kuwa mrefu zaidi, na upana unapata nafasi ya kushuka taratibu. Alama ikiwekwa chini ya goti, upana huanza kwa ghafla na kusimama peke yake.

Tia pini pande zote mbili za kila mguu, mshono wa nje na wa ndani, kwa kiasi sawa. Ukibana upande wa nje pekee mguu utapinda, mkunjo wa pasi utakimbilia ndani na hakuna pasi itakayourudisha.

Hesabu iko hivi. Goti la suruali sasa ni inchi 23, unataka 19. Unaondoa 4: mbili kutoka mshono wa nje, mbili kutoka wa ndani. Kila mshono una tabaka mbili za kitambaa, kwa hiyo alama yako itakaa inchi 1 tu kutoka mshono wa zamani. Wanaosahau tabaka hizi mbili huondoa mara mbili ya walichokusudia, na suruali haipiti tena kwenye mguu.

Vua, uchore mstari kwa chaki. Kutoka nyonga, mstari ushuke polepole hadi kwenye alama ya goti. Kutoka goti, mstari unyooke hadi kwenye pindo la zamani, ukikutana na mshono wa zamani chini kabisa. Upande wa ndani, anzia chini kidogo ya pale miguu inapokutana na uache pale pakutanapo kama palivyokuwa. Pale gotini usiweke kona kali. Pazungushe kidogo, kama inchi 2 juu na 2 chini.

Linganisha mguu wa kulia na wa kushoto kwa kuulaza mmoja juu ya mwingine. Mistari ilingane. Ikiwa haikulingana sasa haitalingana kamwe.

Piga bandi kwa uzi wa rangi tofauti, mishono mirefu, halafu vaa tena.

Sasa jaribu mambo manne: keti kwenye kiti, chuchumaa, inua goti hadi kiunoni kama mtu anayepanda matatu, na ucheze. Suruali ikikukaba nyuma ya goti, fumua bandi na uachie robo inchi kila upande. Ikiwa mikunjo inalala kama miale kutoka katikati ya miguu, umebana paja kupita kiasi.

Utajua imekubali ukisimama kando ya kioo: mstari wa mbele unashuka kutoka pajani, unaingia gotini, kisha unatoka tena bila kona, na kitambaa kinaning'inia bila kugusa shavu la mguu.

Shona sasa kwa mishono ya kawaida juu ya bandi, kuanzia juu kwenda chini kwa pande zote, ili kitambaa kisivutike kuelekea upande mmoja. Ondoa bandi. Vaa mara ya mwisho. Baada ya hapo ndipo mkasi unaruhusiwa: acha nusu inchi pembeni mwa mshono, ukate kilichozidi, upitishe ovaloki, mshono wa kuzuia ukingo kufumuka. Kwenye mviringo wa goti, kata vidogo vidogo kwenye ukingo, ukiacha milimita 2 kabla ya mshono. Bila hivyo ukingo hauwezi kutanuka, na mshono utajikunja gotini.

### Kama suruali uliyopata ni nyembamba chini

Utalazimika kuongeza vipande vya pembetatu. Fanya hivyo kwenye mishono yote miwili ya kila mguu. Kipande kimoja upande wa nje ndicho kinachofanya suruali ipige teke pembeni.

Ukihitaji kuongeza inchi 6, kila kipande kiwe na inchi 3 chini, ongeza nusu inchi kila upande kwa ajili ya mshono, jumla inchi 4. Urefu uanze pale pale juu ya goti. Uzi wa kitambaa ushuke wima katikati ya kipande, la sivyo kitavutika baada ya wiki. Shona kuanzia ncha ya juu kwenda chini, upande mmoja kisha wa pili, na pigia ncha mshono wa kurudia.

Rangi ilingane kabisa, au itofautiane waziwazi kwa makusudi. Inayokaribiana ndiyo mbaya kuliko zote.

### Ukimpa fundi kazi hii

Usimwambie, "Nitengenezee ya zamani." Mpe namba. Mafundi wengi wamezoea kupunguza suruali kwenda chini, wakifuata mtindo wa sasa, na mkono hujiendea wenyewe.

"Fundi, goti nataka inchi kumi na tisa, na chini usiguse kabisa."

"Chini nisiguse? Dada, si itabaki imefunguka hivi?"

"Ndiyo hivyo ninavyotaka. Picha hii hapa."

"Haya. Hizo ni za baba yangu hizo."

Ukifika hapo ameelewa. Sisitiza mambo mawili zaidi: apige bandi uje ujaribu kabla hajakata, na pindo asilishone hadi uje na viatu. Mtajie tarehe iliyo siku nne kabla ya sherehe. Lipa nusu, na nusu nyingine baada ya kuketi ndani ya suruali hapo hapo dukani.

## Hatua ya 6: Pindo

Vaa viatu. Mbele, suruali iguse kiatu na kufunika kamba. Nyuma, ishuke zaidi, iache nusu inchi kabla ya sakafu. Pindo la bugaluu haliendi sambamba na sakafu: linateremka kwa nyuma. Bila mteremko huo, mbele itakunjamana juu ya kiatu au kisigino chote kitakuwa nje.

Usikunje pindo pana. Mguu unapanuka kwenda chini, kwa hiyo sehemu inayokunjwa juu ni pana kuliko pale inapolala, na itafanya mikunjo. Inchi 1 inatosha. Ukitaka uzito ili suruali itulie, kata utepe wa gabadini unaofuata umbo la mguu, uushone kwa ndani. Pindo lenyewe lishonwe kwa mkono, mishono isionekane nje.

Kisha piga pasi. Linganisha mshono wa nje na wa ndani, ulaze mguu, utandike kile kitambaa cha pamba kikiwa na unyevu, halafu ubonyeze mkunjo kuanzia pindo hadi juu. Poliesta ikiguswa na pasi ya moto moja kwa moja hung'aa, na mng'ao huo hautoki. Jaribu kwanza ndani ya mkanda. Fanya kazi hii siku moja kabla, kwa sababu stima hupotea saa ambayo unaihitaji.

## Hatua ya 7: Shati na kola

Suruali nzuri yenye shati la kisasa huharibika. Kinachobadilisha shati ni kola, na kuibadilisha ni rahisi kuliko inavyodhaniwa.

Fumua kola peke yake, uache ile sehemu inayosimama shingoni. Ilaze kola juu ya karatasi uichore. Ukingo wa ndani, unaoshonwa shingoni, usiuguse hata kidogo. Ncha mbili za mbele zirefushe hadi inchi 4. Kata kola mpya kutoka kwenye pindo la chini la shati, maana litachomekwa ndani na hakuna atakayeliona. Bandika kitambaa cha kugumisha kwa pasi kwenye tabaka la juu, shona, geuza, toa ncha kwa kijiti butu, kisha urudishe mahali pake.

Kifua cha shati nacho kibanwe pembeni. Mashati ya wakati ule yalishika mwili, yakipwaya hufuta kazi yote uliyofanya chini.

Mwanamke anaweza kuvaa shati hilo hilo, au blauzi nyembamba ya shingo ndefu. Mwanamume asiyetaka bugaluu kabisa ana njia ya mkato: Kaunda suti. Bado inashonwa kila mtaa, na imebaki na ubishi wake hadi leo. Novemba 2023 Spika Moses Wetang'ula aliipiga marufuku bungeni. Kwenye sherehe yako hakuna spika.

## Hatua ya 8: Nywele na vikorombwezo

Wigi la plastiki liache dukani. Mwenye nywele zake za inchi 3 au zaidi azioshe, azifunge kwa uzi usiku, azifumue asubuhi zikiwa kavu na kuzichana kwa chanuo lenye meno marefu. Uzi hunyoosha nywele bila moto. Kinyozi azizungushe kwa mkasi, asitumie mashine. Mwenye nywele fupi ajinyoe vizuri na asijisumbue, kwa kuwa si kila mtu alikuwa na afro.

Vikorombwezo vitatu vinatosha: saa ya mkono ya mshale, mkanda mpana, na miwani ya fremu kubwa au mkoba mdogo. Mkufu wenye alama ya amani haumo kwenye albamu ya shangazi yako, nenda ukaangalie.

## Hatua ya 9: Vaa kabla ya siku yenyewe

Siku mbili kabla, vaa kila kitu kwa saa nzima. Kula ukiwa umevaa, jibu simu, panda ngazi. Kitakachokusumbua nyumbani kitakusumbua zaidi ukumbini.

Safari ipange. Usipande boda ukiwa na pindo limeachiwa. Kitambaa kipana huingia kwenye mnyororo au kwenye spoku, na hilo ni jambo la kuvunja mguu. Kunja miguu hadi gotini na kuifunga kwa mpira, au beba suruali kwenye mfuko ukabadilishe ukifika. Kwenye matatu shika pindo unaposhuka, maana kisigino cha soli nene hulikanyaga kwa urahisi. Msimu wa mvua, kuanzia Machi hadi Mei na tena Oktoba hadi Desemba, kukunja si hiari. Tope la barabarani hupanda hadi nusu ya shavu la mguu na gabadini haiachii.

Mkobani weka sindano yenye uzi tayari, pini mbili za nepi, na kipande cha chaki nyeupe kama shati lako ni jeupe. Chaki huficha doa dogo la mchuzi hadi mwisho wa usiku.

## Baada ya sherehe

Fua kwa maji baridi, nje ndani, usikamue kwa kupinda. Itundike kwa vibanio kutoka kwenye pindo, kiuno kikiwa chini. Uzito wa kiuno hunyoosha mguu unapokauka na mkunjo hubaki mahali pake.

Ile karatasi ya vipimo iweke kwenye mfuko wa suruali, ukiandika pia urefu wa kisigino ulichotumia. Mtu akikuomba kuazima, mwambie aje na viatu vyake kwanza.